Ngoma ya Mavuno ni ya Nani?

Mara tu mavuno yanapokwisha na tumbaku kupelekwa sokoni, vijiji vyetu vya Ipole, pale barabara itokayo Tabora na Sikonge inapogawanyika, moja ikielekea Rungwa na nyingine ikishika njia ya Inyonga na Mpanda, huingia katika majira ya ngoma. Vikundi hushindana, wageni huja kutoka mbali, kangara na wanzuki hunywewa, na vijana hupata nafasi ya kuonyesha ufundi wao. Furaha hiyo ni halali. Mtu aliyelima mwaka mzima ana haki ya kucheza, wala Tume yetu haina nia ya kumnyima mtu burudani yake. Lakini katika sherehe nyingi za namna hiyo kuna mstari usioonekana kwa macho, ambao mtoto wa kike hufundishwa mapema asiuvuke. Anaruhusiwa kuimba, kupiga vigelegele, kucheza, kutwanga, kupika na kuteka maji ya kupikia pombe. Haruhusiwi kushika vijiti vya ngoma. Tena haketi miongoni mwa wale wanaoamua ngoma ianze siku gani, nani aalikwe, na fedha za tuzo zigawanywe namna gani.

Je, mstari huo ni wa haki? Tunajibu tangu mwanzo, asije mtu akadhani kwamba tunazungukazunguka: si wa haki. Tena hauna mizizi mirefu katika mila kama tunavyoambiwa.

Wanaoutetea hutukumbusha methali: mwacha mila ni mtumwa. Nasi tunaikubali methali hiyo. Tunauliza tu ni mila ipi, na ya nani. Neno mila limekuwa kama pazia; kila mwenye jambo asilotaka lichunguzwe hulificha nyuma yake. Basi na tulifunue kidogo, kwa kuwa sisi watu wa Unyamwezi na Ukimbu tunakaa mahali penye historia ndefu, na historia hiyo haisemi yale tunayosingiziwa.

Tuanze na misafara. Wanaume wa nchi hii hujivunia, na wana haki ya kujivunia, kwamba babu zao walikuwa wapagazi mashuhuri waliobeba pembe za ndovu mpaka pwani na kurudi na vitambaa, na kwamba ngoma iliyolia alfajiri kambini ilikuwa ngoma yao. Burton na Speke walipofika Kaze, karibu na Tabora ya leo, mwezi wa Novemba 1857, walikuta njia hiyo imekwisha kukanyagwa na Wanyamwezi kwa miaka mingi. Lakini nani alikuwa safarini? Mwanahistoria Stephen Rockel, aliyeandika kitabu juu ya wapagazi hao kilichotoka mwaka 2006, ameonyesha wazi kwamba wanawake walikuwamo misafarani. Walikwenda kama wake, kama wapishi, kama wafanyabiashara wadogo wa vyakula na pombe, na wengine wakibeba mizigo. Mama mwenye mtoto mgongoni na vyungu kichwani alitembea njia ile ile, chini ya jua lile lile, mpaka Bagamoyo. Kwa hiyo anayesema ngoma ni ya wanaume kwa kuwa safari ilikuwa ya wanaume, amefuta nusu ya msafara.

Na msafara huo ulipita wapi? Ulipita Ugogo. Huko, katika mkoa unaoitwa leo Dodoma, kuna ngoma za muheme, na wapigaji wa muheme ni wanawake. Huzibana ngoma hizo mapajani na kuzipiga kwa mikono, nao wanaume hawadai kwamba nchi itapata ukame kwa sababu hiyo. Wapagazi wetu walilala katika vijiji hivyo, wakanunua maji na nafaka, wakasikia ngoma za watu wa huko. Waliporudi nyumbani hawakuweza kusema kwamba duniani hakuna mwanamke apigaye ngoma.

Tena tukumbuke mambo ya utawala. Katika Unyamwezi ngoma kubwa zilikuwa mali ya utemi, na hapo ndipo wengi wanapoegemea: ngoma ni enzi, na enzi ni ya mwanamume. Lakini Isike wa Unyanyembe alipojilipua kwa baruti ndani ya boma lake Januari 1893 ili asitekwe na Wajerumani, aliyefuata kuketi katika kiti cha utemi alikuwa mwanamke, Nyaso. Atakayesema kwamba huyo alikuwa chaguo la Wajerumani atakuwa amesema kweli, lakini Wajerumani walitafuta mtu ambaye watu wangemtambua, na wasingeweza kumpata katika nyumba ya kitemi kama wazo lenyewe la mtemi wa kike lingekuwa kichekesho. Katika temi nyingi za Unyamwezi urithi ulipitia kwa dada wa mtemi. Hata chama cha Waswezi, ambacho Kanisa limekuwa na sababu zake za kukipinga, kiliingiza wanaume na wanawake pamoja. Mila ya wazee wetu ilikuwa na milango mingi kuliko hii tunayoonyeshwa sasa.

Sasa twendeni nchi jirani, kwa maana jambo hili limefikishwa huko mpaka mahali pa sheria, na mfano wake unatuhusu. Ukishika barabara ya Mpanda kutoka Ipole, unafika Katumba na Mishamo; na ndani ya mkoa wetu wa Tabora kuna Ulyankulu. Katika makazi hayo matatu walipokelewa Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972, na mwaka 2014 zaidi ya watu 160,000 kati yao na watoto wao walipewa uraia wa Tanzania. Ni ndugu zetu na raia wenzetu. Nchi waliyotoka inasifika duniani kwa ngoma zake. Katika Kirundi neno ingoma lina maana mbili: ngoma, na pia ufalme. Mwaka 2014 UNESCO iliiweka ngoma hiyo ya kifalme ya Burundi katika orodha ya urithi wa binadamu wote.

Miaka mitatu tu baadaye, Oktoba 2017, Rais Pierre Nkurunziza alitia sahihi amri iliyowakataza wanawake kupiga ngoma hiyo. Waliachiwa michezo ya kucheza inayosemekana kuwa ndiyo ya kike. Amri hiyo iliweka pia masharti ya kibali kwa maonyesho yasiyo ya kiserikali, na ada ya faranga 500,000 za Burundi kwa atakayetaka wapiga ngoma katika sherehe yake.

Tuitazame amri hiyo kwa makini, maana inafundisha mengi. Jambo la kwanza: serikali haipigi marufuku jambo lisilotendeka. Amri haikutungwa kwa ajili ya wanawake waliokaa mbali na ngoma kwa hofu ya mizimu. Ilitungwa kwa sababu wanawake wa Burundi walikuwa wamekwisha kuanza kupiga, na kupiga vizuri. Mila inayohitaji sahihi ya rais ili isimame imekwisha kuanguka yenyewe. Jambo la pili: mfalme mwenye ngoma hayupo. Ufalme wa Burundi uliondolewa mwaka 1966. Waliomwondoa mfalme na kuibakiza ngoma hawakuona shida kubadili mila kuu kabisa ya nchi yao. Shida imeonekana mkono wa binti ulipoigusa ngozi. Kwetu pia utawala wa jadi wa watemi ulifutwa kwa sheria mwaka 1963, na ngoma zikaendelea kulia. Kama ngoma imeweza kuishi bila mtemi, kwa nini ishindwe kuishi pamoja na mwanamke?

Jambo la tatu ndilo la ajabu kuliko yote. Warundi wameipa ngoma yao majina kiungo kwa kiungo, na majina hayo ni ya mwili na mavazi ya mama. Ngozi yake huitwa icahi, yaani ngozi ya kumbebea mtoto mgongoni. Vigingi vinavyoishika ngozi huitwa amabere, matiti. Kuna urugori, taji la uzazi, na kuna umukondo, kitovu. Ngoma nzima, kutoka juu hadi chini, ni mama. Na mama ndiye anayekatazwa kuigusa! Wako wanaojibu kwamba ndiyo sababu hasa: ngoma ni mwanamke, na kumpiga si kazi ya mwanamke mwenzake. Tunawaomba wasomaji wetu walisome jibu hilo mara mbili, halafu wayafikirie yanayotendeka katika nyumba nyingi usiku wa siku ya malipo.

Huko Rwanda, ambako nako ngoma ilikuwa ya wanaume peke yao, mambo yalichukua njia nyingine. Mwaka 2004, mjini Butare, Odile Gakire Katese alianzisha kikundi cha wanawake wapiga ngoma kiitwacho Ingoma Nshya, yaani ngoma mpya. Miaka kumi ilikuwa imepita tangu mauaji ya kimbari ya 1994. Waliojiunga walikuwa wajane na yatima, na miongoni mwao walikuwa pia wanawake ambao waume zao walitiwa gerezani kwa kushiriki mauaji hayo. Wakasimama mstari mmoja na kupiga mapigo mamoja, jambo ambalo haliwezekani kama humsikilizi aliye kando yako. Sisi tulio katika kazi ya haki na amani tumehudhuria semina nyingi za upatanisho zenye karatasi nyingi. Tungefurahi kama hata robo yake ingezaa tunda la namna hiyo. Wanawake hao hawakuishia hapo. Mwaka 2010 wakafungua pia duka lao la aiskrimu, wakawa na mapato yao wenyewe. Wala Rwanda haikupoteza ngoma zake. Za wanaume zingali zinalia.

Turudi nyumbani, tukayajibu yale yanayosemwa vilabuni na hata baada ya ibada.

Husemwa kwamba mwanamke kuikalia ngoma si heshima. Heshima ya mwanamke ni jambo zito, nasi hatulichezei. Lakini tunashangaa kwamba heshima hiyo hukumbukwa siku ya ngoma tu. Haikumbukwi anapojitwisha mzigo wa kuni akiwa mjamzito. Haikumbukwi anapoinama kutwa nzima katika shamba la tumbaku, au anapokesha kwenye bani akichochea moto wa kukaushia majani ambayo hatayapokelea fedha. Marehemu Fatuma binti Baraka wa Zanzibar, yule tuliyemjua kwa jina la Bi Kidude, aliyefariki Aprili 2013 akiwa mkongwe sana, alipiga msondo, ngoma ndefu ya unyago, kwa mikono yake mwenyewe mpaka uzeeni. Dunia ilimheshimu, na Zanzibar, nchi ya watu wenye kujali sana heshima, ilimzika kwa heshima.

Husemwa pia, kwa sauti ya chini, kwamba mwanamke aliye katika siku zake ataitia ngoma unajisi. Mkristo anayelisema neno hilo asome tena Injili ya Marko, sura ya tano, habari za mama aliyetokwa damu miaka kumi na miwili. Alimgusa Bwana katikati ya umati, wala Bwana hakunajisika. Na kwa kuwa tumefungua Maandiko, tutazame ngoma ziko mikononi mwa nani humo. Baada ya kuvuka Bahari ya Shamu, aliyetwaa tari alikuwa Miriamu, na wanawake wote wakamfuata. Binti Yeftha alitoka kumlaki baba yake kwa matari. Wanawake wa Israeli walimpokea Sauli na Daudi kwa matari. Zaburi ya 68 inaonyesha maandamano ya kuingia patakatifu, na katikati ya waimbaji na wapiga vinanda wako wanawali wenye matari. Kama tungeihukumu Biblia kwa desturi ya vijiji vyetu, tungelazimika kurarua kurasa nyingi.

Hata hivyo hatutaki Kanisa lizungumze na vijiji kana kwamba lenyewe halina cha kubadilika. Wamisionari wa mwanzo, wa madhehebu karibu yote, waliiona ngoma kuwa kitu cha giza. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulipotangaza mwaka 1963 kwamba muziki wa mataifa yaliyoinjilishwa upewe heshima yake, ngoma iliingia kanisani, na wazee waliokuwa wamefundishwa kuiogopa wakaona haya kidogo, kisha wakaizoea. Mwaka 1994 Roma ilitamka kwamba wasichana nao waweza kutumikia altareni. Mwaka 2016 ikaelekezwa kwamba miongoni mwa wanaooshwa miguu Alhamisi Kuu waweza kuwamo wanawake. Mwaka 2021 huduma za usomaji na utumishi wa altare zikafunguliwa rasmi kwa wanawake. Kila mara walikuwapo waliosema kwamba imani itaporomoka. Haikuporomoka. Na bado zipo kwaya ambamo binti aweza kuimba sauti ya kwanza miaka kumi asikaribishwe hata siku moja penye ngoma, ingawa hakuna kanuni yoyote inayomzuia. Hapo kazi inaanzia mlangoni petu.

Tuna mfano mwingine ndani ya nyumba yetu. Kule Bujora, karibu na Mwanza, Padre David Clement alipoyaunganisha maandamano ya Ekaristi na mashindano ya ngoma za Wasukuma, zile za Bagika na Bagalu, sikukuu hiyo ikaitwa Bulabo, yaani maua. Wasukuma wengi walioishi Sikonge na Ipole tangu walipohamia na mifugo yao wanaijua vema. Bulabo haikuwa mila ya kale. Ilitungwa katika karne ya 20, kwa makusudi, na watu wenye upendo na akili, na leo wajukuu wanaiona kuwa ya mababu. Hiyo ndiyo asili ya mila nyingi. Mtu huzitunga, watu huzipokea, wakati huzibariki. Kwa hiyo hata sisi tunaweza kutunga, na tutakachotunga leo kwa haki kitakuwa mila ya watoto wetu.

Lakini hatungelichapisha jambo hili kama lingekuwa ni la vijiti na ngozi tu. Ngoma ndiyo inayoita watu. Anayeipiga ndiye anayeamua wimbo uanze wapi na uishe wapi. Wengine wote, hata wakiwa mia tano, hufuata. Binti anayekua akiona kwamba kufuata ndiyo sehemu yake hatasimama katika mkutano mkuu wa kijiji kuuliza mahesabu. Sheria inamtaka awepo. Ibara ya 13 ya Katiba inakataza ubaguzi. Katika halmashauri ya kijiji wanawake hawapaswi kupungua robo ya wajumbe. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, katika kifungu cha 20, inabatilisha kila desturi inayomnyima mwanamke ardhi. Hata hivyo mama ambaye jina lake limo katika orodha ya wajumbe huketi nyuma, karibu na mlango, na huondoka mapema kwenda kupika.

Na twende kwenye fedha, kwa maana ndiko mambo yanakoishia. Tumbaku ya Sikonge hulimwa na familia nzima. Mama hupanda miche na kupalilia, watoto hufunga majani. Lakini jina lililoandikwa katika chama cha msingi mara nyingi ni la baba peke yake, na malipo humfikia baba peke yake. Malipo hayo huja katika majira yale yale ya ngoma. Tumeona kaya zilizovuna vizuri ambazo mwezi mmoja baadaye zilikuwa zikila michembe bila hata karanga, kwa kuwa mwenye fedha aliingia mjini akatoka mikono mitupu, au aliongeza mke. Katika asali hali haiko mbali na hiyo. Kwa kuwa mizinga ya jadi hutundikwa juu ya miti, mbali msituni, ilisemwa kwamba si kazi ya wanawake. Sasa kuna mizinga ya masanduku ambayo haimlazimishi mtu kupanda mti, na bado husemwa kwamba si kazi ya wanawake. Sababu imeondoka, katazo limebaki. Hapo ndipo tunapotambua kwamba mti haukuwa sababu.

Wapo akina mama wenyewe wanaotuambia: tuacheni, sisi hatutaki ngoma, tunataka maji na zahanati. Tunawasikia, na katika mambo ya maji tuko pamoja nao. Lakini anayeamua bomba lipite wapi ni kikao kile kile ambacho wao hukihudhuria kwa kuketi karibu na mlango. Wala hakuna anayewalazimisha kupiga ngoma wasiotaka. Mwanamume asiyejua kupiga hukaa akatazama, wala hakuna anayesema kwamba kutojua kwake ni sheria ya wanaume wote.

Kwa hiyo, kabla ya majira ya ngoma kufika tena, tunapendekeza mambo yafuatayo. Parokia na sharika zinazomiliki ngoma ziweke siku za mazoezi kwa wasichana na wavulana pamoja, na walimu wawe wale wazee wanaojua mapigo ya asili, kwa kuwa hatutaki ufundi wao ufe nao. Kamati za sherehe ziwe na wanawake, tena wawemo wanaoshika daftari la fedha. Tuzo zitangazwe hadharani na kugawanywa hadharani, wapishi wa pombe na chakula wakiwemo, maana bila wao hakuna ngoma. Na wenyeviti wa vijiji walilete suala hili katika mkutano mkuu wa kijiji ujao, si kwa wazee wachache chini ya mwembe. Siku hiyo mkutano uanze saa nne asubuhi, wakati akina mama wamekwisha kurudi kisimani, na chakula cha mchana kipikwe na wanaume.